Kiongozi wa Mashtaka, Faili Hiyo Si Yako

Siku ya kesi, mtu wa Riruta hupanda gari pale Satellite kabla hakujapambazuka, bahasha ya kaki kwapani. Ndani mna risiti ya dhamana na kitambulisho, basi. Mahakamani Kibera anakalia benchi hadi jina lake litajwe, kisha kiongozi wa mashtaka anasimama na kusema faili ya polisi haijaletwa. Tarehe nyingine. Mara ya tano kibarua kimeota nyasi, na bado hajui nani alisema nini juu yake.

Ndugu zangu, tumezoea kumlaani hakimu peke yake. Hakimu huona kile alichowekewa mezani. Anayeweka ni kiongozi wa mashtaka. Ikiwa shahidi aliandikisha kwamba mwizi alikuwa mrefu, na aliye kizimbani ni mfupi, karatasi hiyo ni mali ya mshtakiwa kama ilivyo mali ya Serikali. Kuificha ni wizi, hata kama mkono ulioficha umevaa suti. Mwaka 2008, katika kesi ya Cholmondeley, Mahakama ya Rufaa ilisema mshtakiwa apewe taarifa za mashahidi kabla ya kesi kusikizwa, na upande wa mashtaka ukitaka kuzuia kitu, ukamweleze jaji sababu. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake.

Wenye umri wanaukumbuka mwaka 1986. Vijana na wahadhiri walioshukiwa kuwa wa kundi la Mwakenya walitolewa vyumba vya chini vya Nyayo House, wakafikishwa kortini saa za kazi zikiwa zimekwisha, bila wakili, wakakiri. Aliyeongoza mashtaka mengi kati ya hayo, Bernard Chunga, alipanda hadi akawa Jaji Mkuu mwaka 1999. Alijiuzulu 2003, jopo la kumchunguza likiwa limekwisha kuundwa. Tulimlipa cheo kwanza, maswali baadaye.

Na sisi tusijitie usafi. Anayetoa kitu kidogo ili faili ipotee ni jirani yetu, na tunampongeza kwa ujanja. Kifungu cha 157 cha Katiba kinasema Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Lakini kesi inayokufa kwa kukosa mashahidi haiombi ruhusa ya mtu. Anayeumia hapo ni mlalamishi, naye ana mama anayemngojea nyumbani.

Basi wewe uliyeshtakiwa, usione haya. Ukitajwa, simama useme: Mheshimiwa, naomba taarifa za mashahidi. Ukiambiwa fotokopi ni pesa zako, omba jambo hilo liandikwe kwenye rekodi. Ukizipata, zisome garini ukirudi Satellite, jina kwa jina, saa kwa saa, na kalamu mkononi.