Sheria ya Gongo Haiulizi Shahada

Kijana asomaye kemia akitamani kuungana na wenziwe ili waunde chama cha kukeneka pombe kali, nia yake si mbaya. Elimu isiyofika mikononi ni nusu ya elimu. Lakini kabla ya kuwasha jiko yampasa ajiulize: kazi hii itafanywa kwa kibali cha nani, na likitokea la kutokea, nani atakayejibu?

Nchini Tanzania, kuchachua na kukeneka ni mambo mawili mbalimbali. Mbege na ulanzi huuzwa kwa leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Bali kukeneka, yaani kuichemsha pombe na kuupoza mvuke wake, kulitungiwa sheria ya peke yake, Namba 62 ya mwaka 1966, ihusuyo utengenezaji wa moshi, ambao wengi wetu twauita gongo. Chini ya sheria hiyo si kuuza tu kunakomfikisha mtu mahakamani. Hata kukutwa na moshi bila ya idhini ni kosa. Tena pombe kali ni bidhaa ya ushuru, na anayeitengeneza kwa biashara hana budi kupata leseni ya Mamlaka ya Mapato na kutimiza viwango vya Shirika la Viwango.

Hapa ndipo penye haki ya mnyonge. Mama anayepika gongo ya mabibo huko Mtwara ili apate ada ya mwanawe hukamatwa, na mtambo wake huvunjwa. Je, mwanawe huyo akifika chuoni, akaifanya kazi ile ile kwa vyombo vya kioo, sasa iitwe utafiti? Hasha! Kuwa mwanafunzi si kibali.

Sheria hii haikuwekwa kwa ajili ya ushuru peke yake. Mvuke wa pombe ukikutana na moto wazi hulipuka. Bomba au rejeta ya gari iliyolehemiwa kwa risasi huitia sumu pombe ipitayo ndani yake. Methanoli nayo, mwilini hugeuka asidi inayoua mishipa ya macho, kisha mtu mwenyewe. Pombe ya nafaka huwa na methanoli kidogo. Ya matunda huwa na zaidi. Wako wanaodhani kwamba kumwaga matone ya kwanza kunatosha, kwa kuwa methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na pombe kwenye nyuzi 78. Kumbe hizo mbili hupanda pamoja, na ulimi hauwezi kuzitenganisha.

Maafa makubwa lakini huletwa na walanguzi wanaochanganya methanoli ya viwandani. Kenya iliihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010; hata hivyo, mwezi Mei 2014 watu zaidi ya 60 walikufa kwa pombe yenye sumu hiyo katika Embu, Kiambu na kwingineko. Waliokufa hawakuwa wanywaji wa vinywaji vya hoteli kubwa. Walikuwa watu wa kipato kidogo, waliokunywa walichoweza kukinunua. Basi ruhusa bila ya ukaguzi haimlindi mtu.

Shauri letu ni hili. Chama kisifanye kazi bwenini wala kwa siri. Chuo chenyewe ndicho kiombe kibali, mwalimu aliyetajwa kwa jina awe ndiye mwenye kujibu, kila lita iandikwe daftarini na kufungiwa, wala tone lisinywewe wala kuuzwa. Na elimu ya kupima sumu isibaki maabara. Ipelekwe kwa wale wale ambao jasho lao linalipa gharama za vyuo, maana wao ndio wanaozikwa pombe ikiharibika.