Kaboni ya ngitili: Mwenye miti Shinyanga ni nani?

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

WAKATI biashara ya kaboni ikibisha hodi vijijini, wananchi wa Shinyanga hawana budi kujiuliza swali moja kabla ya kutia saini mkataba wowote: mbele ya sheria, miti waliyoilinda ni ya nani?

Uoto huo haukuja kwa bahati. Kwa miongo kadhaa misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hadi ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliofufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejea katika uoto wake.

Tatizo limo katika sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatamka kuwa ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Katika tafsiri yake, ardhi ya jumla inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haina maneno hayo. Ngitili, kwa asili yake, ni ardhi iliyopumzishwa. Ni rahisi kiasi gani kwa mgeni kuiona kuwa haitumiki?

Ukanda wa dhahabu umekwisha kuonyesha hatari hiyo. Agosti 1996, maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, Kahama, kumpisha mwekezaji mwenye leseni. Kutangulia kufika hakukuwasaidia.

Wahadzabe wa bonde la Yaeda, mkoani Manyara, walipita njia nyingine. Mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila, na fedha za kaboni zikafuata baadaye.

Ni kweli kwamba mwaka 2022 Serikali ilitoa kanuni za kusimamia biashara hii, zikiwamo za mgawanyo wa mapato. Hata hivyo, mgawo haumfikii asiyetambuliwa kuwa mwenye ardhi.

Kwa hiyo halmashauri za vijiji ziingize ngitili katika mipango ya matumizi ya ardhi, zifuatilie hati, na kila mkataba usomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kusainiwa. Mkataba wa kaboni hudumu miaka mingi. Watakaoishi nao zaidi ni watoto wa leo.