Daftari la Wiki: Lebo Ilibaki Kwenye Pipa

Kondele, mjini Kisumu, asidi ya betri huuzwa katika chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa. Haina rangi, na mteja huipakata kwenye bodaboda mpaka nyumbani. Pipa ilikotoka asidi hiyo lina alama ya onyo: mraba uliosimama kwenye pembe yake, wenye kingo nyekundu, ndani yake mkono unaoliwa na kemikali. Chupa haina alama yoyote.

*

Kifungu cha 92 cha sheria ya mazingira ya 1999, EMCA, kinampa waziri uwezo wa kuweka kanuni kuhusu usajili, ufungashaji, lebo, uhifadhi na usafirishaji wa kemikali za sumu. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliandaa rasimu ya kanuni za kemikali za viwandani, na wananchi wakaitwa kutoa maoni. Mwagizaji wa makontena ana anwani na leseni, hivyo kumfuata si kazi. Kazi ni kumfuata anayenunua jerikeni ya lita 20 na kuigawa chupa kwa chupa kando ya barabara.

*

Mafuta ya transfoma nayo yana wateja wake, wakiwemo mafundi wa kuchomelea vyuma. Transfoma za zamani huenda zikawa na PCB, sumu isiyooza na inayojikusanya katika mafuta ya samaki. Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti sumu za aina hiyo, mwaka 2004. Mkataba huo uliweka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 mwisho wa kushughulikia taka zake.

*

Ukishuka hadi Macalder, Migori, zebaki huchanganywa na unga wa mawe yenye dhahabu kwenye karai, mara nyingi kwa mikono mitupu. Donge la zebaki na dhahabu likichomwa, dhahabu hubaki, mvuke wa zebaki humwingia aliye karibu. Kenya iliridhia Mkataba wa Minamata, unaodhibiti zebaki, mwaka 2023.

*

Betri kuukuu zilishawaponza watu wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kiliziyeyusha ili kupata madini ya risasi. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania kesi yao. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaifuta, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni NEMA yenyewe, mwandishi wa rasimu ya kanuni zile zile ambazo muuza asidi wa Kondele anatarajiwa kuzitii.