JIPU LA INI: SINDANO AU MPIRA?



Hapa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria, wako watu wanaosita kumpeleka mgonjwa hospitali kwa kudhani kwamba kila jipu la tumboni hupasuliwa kwa kisu. Kusita huko ni hatari, kwani jipu la ini laweza kupasuka lenyewe, usaha ukamwagika tumboni au kifuani.

Dalili zake ni homa, kukonda, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Jipu la amiba huletwa na maji au chakula kilichoingiwa na kinyesi. Mara nyingi hupona kwa metronidazoli, kisha mgonjwa hupewa dawa ya pili ya kuua amiba waliobaki matumboni. Likiwa kubwa mno, au lisiposikia dawa, usaha hutolewa. Jipu la bakteria hutibiwa kwa antibiotiki, na kwa kawaida usaha wake hutolewa pia.

Njia za kuutoa bila kupasua ni mbili. Daktari huitia ngozi ganzi, akiliangalia ini kwa altrasaundi. Katika njia ya kwanza huingiza sindano, akavuta usaha, kisha akaichomoa. Njia hii ni nyepesi, lakini huenda ikarudiwa. Katika ya pili huacha mpira mwembamba ndani kwa siku kadhaa, usaha ukachuruzika mfukoni. Huu humsumbua mgonjwa zaidi, lakini wafaa kwa jipu linalozidi sentimita 5.

Utafiti wa India uliotangazwa mwaka 1998 ulilinganisha wagonjwa 50. Kati ya 25 waliovutwa usaha kwa sindano mara moja au mbili, 15 walifanikiwa. Waliowekewa mpira walifanikiwa wote 25. Lakini katika utafiti wa Hong Kong wa mwaka 2004, sindano iliporudiwa kadiri ya haja, matokeo yalikaribiana.

Basi sindano si duni, mradi mgonjwa aweze kurudi. Mtu wa Ukerewe avukaye ziwa ili afike Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, yampasa alitafakari hilo kabla ya kuukataa mpira.

Vijana, mkimwuguza mzee wenu, mwulizeni daktari: jipu limeletwa na nini? Lina ukubwa gani? Sindano itarudiwa lini? Na nyumbani, maji ya ziwa yachemsheni kabla ya kunywa.