Wasimamizi wa Tasnifu Watimize Wajibu

Mwezi Oktoba, 1961, Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilianza masomo katika jengo la Chama cha TANU hapa Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiotimia 15. Shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Leo vijana wetu husomea hata shahada ya uzamivu papa hapa nchini. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini yako malalamiko ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Mwanafunzi wa shahada ya juu huandika sura ya tasnifu yake, huipeleka kwa msimamizi, kisha hungoja. Hungoja wiki, hungoja miezi. Akibisha hodi ofisini huambiwa Bwana Mkubwa amesafiri. Siku sura inaporudi, zimesahihishwa nukta na herufi katika kurasa tatu za mwanzo, zilizobaki hazikuguswa. Mwenye wasimamizi wawili, huyu humwambia ongeza, yule humwambia punguza, na wao wenyewe hawajaonana.

Wako watakaosema: Kawia ufike. Methali hiyo huambiwa anayetembea, haiambiwi aliyezibiwa njia. Wengi wa wanafunzi hawa ni wafanyakazi: walimu, waganga, maofisa wa kilimo. Ruhusa ya masomo ina mwisho. Muda ukipita, ada hudaiwa tena, nayo hutoka katika mshahara wa kulisha watoto. Huko alikotoka, darasa linamngoja mwalimu wake. Hasara si yake peke yake.

Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere aliwaambia Wabunge kwamba aliyesomeshwa na umma ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula. Asipokileta, ni msaliti. Maneno hayo huelekezwa sana kwa wanafunzi. Lakini msimamizi naye alikula chakula hicho hicho. Kusoma kazi ya kijana wake ndiko kurudi kwake kijijini.

Hatusemi kwamba wahadhiri wote ni wavivu. Wanafunzi wamekuwa wengi kuliko walimu. Mhadhiri mmoja hufundisha madarasa makubwa, husahihisha mitihani, huketi katika kamati, na pengine hutafuta kazi za ushauri nje ya Chuo ili kuongeza kipato. Katika mizigo hiyo yote, unaoanguka ni ule usio na wa kuuulizia. Mwanafunzi haulizi, kwani anayemchelewesha ndiye atakayesema kama tasnifu yafaa kutahiniwa.

Hicho ndicho kiini cha ubaya huu, na dawa yake si kubembelezana. Kila sura iandikiwe tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kurudishwa, na mkuu wa idara azikague. Msimamizi asipewe wanafunzi kupita uwezo wake, na saa za kusoma tasnifu zihesabiwe kuwa kazi, sawa na saa za darasani. Mwanafunzi aweze kuomba msimamizi mwingine bila hofu. Naye kwa upande wake asipeleke kazi ya ovyo, wala asitarajie kuandikiwa.

Mfanyakazi wa kiwandani akichelewa huulizwa. Mhadhiri ni mfanyakazi pia. Aliyekubali kusimamia ametoa ahadi, na ahadi ni deni.