Tuulizane Kabla ya Kuchimba Mfereji

Mkulima wa Garissa na wa kando ya Mto Tana, kabla ya kuanza kazi mpya twakaa na kuhesabu faida: magunia mangapi ya mahindi, mikungu mingapi ya ndizi. Ni vizuri kutumaini. Lakini ni nani akaaye kuhesabu yatakayotuangusha?

Kumbukeni Bura. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kusaidia skimu ile. Ilikusudiwa kumwagilia hekta 6,700, lakini gharama zilipanda, zikatengenezwa karibu 2,500 tu. Maji yalikusudiwa kuja yenyewe kwa mfereji. Kwanza ziliwekwa pampu za dizeli, kwa muda. Muda huo ulirefuka kwa miaka mingi. Pampu zilipoharibika, pamba ilikauka. Watu waliotoka mbali wakabaki na mashamba makavu. Tena mathenge, mti uliopandwa huko miaka ya 1980 uwe kuni, leo umevamia mashamba na malisho.

Sisemi kwamba wataalamu hawakuwako. Walikuwako. Lakini Tana ni mto wenye kuhama, na wazee wa kando yake wanajua hivyo. Elimu hiyo ifaa itafutwe kabla ya kazi, si baada ya hasara.

Basi, kabla ya kununua pampu, fanyeni mkutano mmoja. Semeni: "Miaka mitatu imepita, na mradi wetu umekufa. Umekufa kwa nini?" Kila mtu ataje sababu moja. Waanze akina mama, vijana, na wafugaji wanaonywesha ngamia mtoni. Mwenyekiti na Bwana Shamba waseme mwisho, maana mkubwa akishasema, wengine hunyamaza.

Mtasikia mengi. Mafuta yalipanda bei. Fundi alikuwa mbali. Mafuriko yalichukua pampu, kama yale ya 1997 yalivyoharibu mali. Njia ya mifugo ilizibwa, ukazuka ugomvi. Andikeni yote; kisha kila sababu ipewe mtu wa kuiangalia na fedha za kuizuia. Ikiwako moja isiyo na dawa, ngojeni kwanza.

Wala msimwite mwoga anayetaja hatari. Huyo ndiye anayelinda jasho lenu. Tahadhari kabla ya hatari: fedha ambayo haijanunua pampu bado ni mali yenu, bali pampu iliyozama mtoni ni deni.