Futi ya Bi Harusi



Leo sina hina, sina singo, sina mapishi. Nina neno juu ya futi, ile ya fundi cherehani, inayozungushwa kiunoni mwa bi harusi huku mashangazi wamesimama wanasubiri kusomewa namba.

Mwari ninayemzungumzia ni mtoto wa wifi yangu, na amenipa ruhusa niyaseme bila kumtaja jina. Gauni lake lilishonwa dogo makusudi, ili yeye ndiye alifuate gauni. Akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi, tukamsifu. Kisha akawa anafunga kila siku. Magharibi anafuturu kwa maji na kikombe cha sanamaki, sahani ya futari anaisogeza kwa wadogo zake. Siku akilazimishwa kula, huingia chooni na kufungulia bomba. Mimi nililisikia bomba lile zaidi ya mara tatu na sikusema kitu. Siku ya kusingwa alianguka. Somo wake aliniita pembeni akaniambia mgongo mzima umeota malaika, vile vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga, na hedhi hajaiona miezi minne.

Mimi nimeolewa Unguja, lakini kwetu ni Kayanga, Karagwe. Na kwetu futi ya namna hii tunaijua tangu zamani, ila ilipimwa kinyume.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Mto Nile pamoja na mwenzake James Grant, alifika kwa Mfalme Rumanika wa Karagwe. Ufalme ule uliishika Karagwe ya leo pamoja na Kyerwa, ambayo imekuwa wilaya peke yake tangu 2012. Speke aliwakuta wake wa wakubwa wa ukoo wa mfalme ni wanene kiasi cha kushindwa kusimama. Alipouliza vyombo vingi vya maziwa mle ndani ni vya nini, kaka wa mfalme alimwonyesha mkewe na kumwambia kuwa kazi yake ndiyo ile: tangu udogoni msichana hushikishwa chombo mdomoni, kwa sababu ikulu inapenda wake wanene.

Katika nyumba nyingine alimpima shemeji yake mfalme. Mkono sentimita 58 kwa mzunguko, kifua 132, paja 79. Kwa ruhusa hiyo yeye naye alimwonyesha bibi yule mikono na miguu yake iliyo wazi. (Mgeni wa kiume, mke wa mtu, na futi katikati. Kila nikifika hapo nasema astaghfirullah.) Lakini kinachonikaa rohoni si namba. Ni binti wa miaka 16 aliyekuwa ameketi pembeni ananyonya chombo cha maziwa, na baba yake amesimama na fimbo mkononi ili asiache.

Tusiwaonee wazee wetu. Hiyo ilikuwa desturi ya ikulu na ya wenye ng'ombe, haikuwa ya kila nyumba. Mke wa mkulima alikuwa shambani na jembe. Unene wa bibi ulikuwa tangazo kwamba mumewe ana maziwa ya kumwaga na watumishi wa kumfanyia kazi. Wahima wa Ankole, ng'ambo ya mpaka, nao waliwanenepesha wari wao kwa maziwa, na Mauritania, nchi ya Waislamu watupu, wapo wasichana waliolazimishwa hivyo hata katika zama zetu. Kwetu, sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno, na ikulu yenyewe ikaja kuisha.

Sasa mtaniambia kushindiliwa maziwa si ugonjwa wa kukataa kula. Kweli, madaktari hawaviweki fungu moja. Ila nawaomba mtazame fimbo iko wapi. Binti wa Karagwe alishikiwa fimbo aongezeke, mwari wetu anapungua mwenyewe, na hakuna aliyemshikia fimbo kwa sababu ameshaimeza. Ipo kwenye simu, ipo kwenye "mashallah umepungua," ipo kwa mama mkwe anayeuliza gauni saizi gani. Kule visiwa vya Fiji, ambako mwanamke mwenye mwili ndiye aliyesifiwa, televisheni iliingia katika wilaya moja mwaka 1995. Watafiti walipowauliza wasichana wa shule, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Walipouliza tena 1998, walikuwa asilimia 11.

Na si mapambo tu yanayoleta maradhi haya. Wapo wanaoyabeba katika damu ya ukoo, wapo wenye hofu iliyojificha, wapo waliodhulumiwa miili yao utotoni wakabaki na kitu kimoja tu wanachoweza kukiamuru, nacho ni tonge. Kwa hiyo kumwambia "kula basi, acha maringo" ni kumpiga mgonjwa.

Mwili nao haudanganyiki. Ukinyimwa chakula hufunga hedhi, mifupa hupungua nguvu, nywele hunyonyoka, mtu husikia baridi Unguja mchana wa kaskazi. Anayejitapisha huliwa meno na asidi ya tumbo. Sanamaki ya kila siku pamoja na matapishi huondoa potasiamu, na moyo bila potasiamu hupoteza mapigo na huweza kusimama ghafla. Hata kurudi kula kunataka daktari, maana aliyekaa na njaa muda mrefu akishindiliwa ghafla anaweza kufa. Wale wa upande wa pili, wanaomeza vidonge vya steroidi wanenepe kabla ya harusi, hupata uso wa kuvimba na sukari kupanda.

Mtasema, mbona kumwandaa bi harusi ni sunna? Mama yetu Aisha radhiyallahu anha amesimulia kwamba mama yake alitaka anenepe kidogo kabla ya kwenda kwa Mtume, akajaribu hili na lile, mpaka akampa matango na tende mbichi, akanawiri. Nimeirudia hadithi hii nikitafuta fimbo, sikuiona. Na kuna ile ya mbio: alipokuwa mwepesi alimshinda Mtume, baadaye akaongezeka mwili, wakashindana tena, akashindwa, Mtume akamtania kuwa sasa wamelipana. Mwili wa mke ulibadilika, na kilichopotea ni mbio moja.

Tena Mtume alikataza kuunganisha saumu bila kula. Mwari anayefunga ili apungue, na magharibi hataki kula, huyo hafungi, anaumwa. Masomo na makungwi, nyinyi ndio mnaomwona mwili mtupu kabla ya sisi wote. Mkiona malaika mgongoni, mkisikia hedhi imekatika, msimfiche kwa aibu ya kudhaniwa mjamzito. Mpelekeni hospitali, mseme wazi kuwa hali au anajitapisha, na muombe daktari wa afya ya akili pamoja na wa mwili.

Sisi tulimpeleka tukiwa tumechelewa. Alikutwa na potasiamu ya chini, akalazwa. Harusi imesogezwa, mume mtarajiwa amekubali bila neno, wenye maneno ni majirani. Jana nimelipeleka gauni kwa fundi, akaligeuza ndani nje, akanionyesha kitambaa cha akiba alichokiacha kwenye mshono. Inchi mbili kila upande. Akaniuliza afungue zote, nikamwambia fungua.